Mimi wa Bagamoyo Isiyo na Bahari: Jinsi ya Kusoma Upepo na Mawimbi Kabla Hujabeba Ubao

Chuoni ukisema tu kwenu ni Bagamoyo, watu wanakuona na bahari nyuma yako. Utaulizwa bei ya pweza, utaulizwa habari za magofu ya Kaole, na kuna watakaotaka uwafundishe kuogelea. Mimi kwetu ni Bagamoyo kweli, ila ni kata ya Bagamoyo pale Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Kwetu kuna migomba, chai, parachichi, na mvua inayonyesha mpaka unasahau kivuli chako. Bahari ya Hindi iko karibu kilomita 900 kwa barabara.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nasahihisha. Mwaka wa pili nikachoka, nikaacha watu waamini wanavyotaka. Uongo wa namna hiyo hauna kelele. Unakaa kimya kama deni la dukani, mpaka siku mwenye duka anapokuita kwa jina.

Mimi niliitwa mwezi wa saba, wiki ile baada ya UE. Tulikuwa sita. Dada mmoja wa darasani kwetu, aliyekulia Kigamboni, alikuwa na ubao wa kutelezea mawimbi, na ulikuwa unakusanya vumbi hosteli. Tukapanga kwenda Matema, kule Kyela, Ziwa Nyasa linapoishia upande wa kaskazini chini ya Milima ya Livingstone. Swali likawa moja: nani anajua maji? Vidole vitano vikanielekea mimi, mtu wa Bagamoyo.

Nikafungua programu ya hali ya hewa kwenye simu. Ikasema: upepo 12, kusini. Nikatangaza kwa sauti ya nahodha: "Kumi na mbili ni upepo wa kupepea chai. Halafu unaelekea kusini, yaani unatoka kwetu nchi kavu unakwenda ziwani. Maji yatakuwa yamelala." Sentensi chache tu, na makosa mawili ndani yake. Yote mawili yalikuwa ya kusoma, si ya kuogelea. Nayaandika hapa kwa sababu nina hakika si mimi peke yangu chuoni ambaye angesoma vile.

Siku yenyewe

Tulifika ufukweni kama saa nane mchana. Ziwa lilikuwa limejaa povu jeupe mpaka mbali. Sisi tukapiga kelele za furaha, maana mawimbi ndiyo tuliyoyafuata. Hatukujiuliza kwa nini mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu kabisa mchangani, wala kwa nini watoto wa pale, wanaoishi kwa maji, walikuwa wamekaa juu ya mitumbwi hiyo wakitutazama sisi.

Mshikaji wangu wa chumbani si muogeleaji mkubwa. Kwa hiyo alitafuta sehemu iliyotulia. Kati ya sehemu mbili ambazo mawimbi yalikuwa yanavunjika kwa fujo, palikuwa na njia pana kidogo ambayo maji hayakuvunjika, yalikuwa meusi na laini. Akaingia hapo. Baada ya dakika chache tukaona kichwa kidogo, mbali kuliko sote. Alikuwa anaogelea kuja kwetu kwa nguvu zake zote, na kila akipiga mkono alikuwa anazidi kwenda.

Wavuvi wawili walishuka mbio. Mmoja alikuwa na dumu tupu la lita ishirini lililofungwa kamba. Hawakuingia pale alipoingia yeye, waliingia pembeni, huku wanamwita: "Acha kupigana! Elea! Njoo ubavuni!" Alitoka maji mbali na tulipokuwa tumesimama, ameshikilia dumu kama mtoto, akatapika, akalala mchangani muda mrefu bila kusema neno.

Mzee mmoja akanijia. Nikamsalimu, "Shikamoo mzee." Akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, wewe ndiye uliyewaleta wenzio?" Nikasema ndiyo. "Kwenu wapi?" Bagamoyo. "Ipi?" Ya Tukuyu. Hakucheka. "Basi wewe ni mtoto wa hapa hapa. Sasa mbona hukuuliza?"

Kipimo na mwelekeo

Kosa la kwanza lilikuwa la kipimo. Ile 12 haikuwa kilomita kwa saa, ilikuwa mita kwa sekunde. Mita moja kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa, kwa hiyo 12 ni zaidi ya kilomita 43 kwa saa. Linganisha na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Mara nyingi wanapotoa angalizo la upepo mkali wanataja kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Nilikuwa nimeshika angalizo mkononi nikaliita upepo wa kupepea chai. Programu nyingine zinatumia noti, kipimo cha mabaharia, ambapo noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Namba isiyo na kipimo haikwambii kitu. Tunaambiwa hivyo kwenye kila maabara, ila tukitoka nje ya maabara tunasahau.

Kosa la pili lilikuwa la mwelekeo. Upepo hutajwa kwa kule unakotoka, siyo unakokwenda. Mtu wa pwani anajua hili bila kufundishwa: kaskazi inatoka kaskazini, na kusi inatoka kusini. "Upepo wa kusini" pale Matema maana yake unatoka ziwani unakuja usoni kwako, ukisukuma maji yote mbele yake. Mkanganyiko unaongezeka kwa sababu mshale kwenye ramani ya simu mara nyingi huonyesha upepo unakoelekea. Neno linasema kusini, mshale unaelekea kaskazini, na vyote viwili ni sahihi.

Wimbi linazaliwaje

Wimbi la maji ni upepo uliohifadhiwa. Ukubwa wake unategemea mambo matatu: upepo una kasi gani, umevuma kwa muda gani, na umepita juu ya maji kwa umbali gani bila kizuizi. Ukikosa moja, wimbi halikui. Ndiyo maana upepo mkali unaovuma juu ya bwawa la samaki hautoi kitu, na upepo wa wastani unaovuma siku mbili juu ya maji mapana unatoa mlima.

Sasa tazama ramani ya Ziwa Nyasa. Ni refu na jembamba, limelala kaskazini-kusini, urefu wake ni zaidi ya kilomita 550 na upana hauzidi kilomita 80. Upepo wa magharibi au mashariki hauna nafasi ya kukimbia. Lakini ule wa kusini una uwanja wote. Kandokando ya ziwa hili upepo huo huitwa mwera, na msimu wake mkubwa ni kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, wakati ule ule kusi inapotawala Bahari ya Hindi. Ukianza, unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Matema iko mwisho wa uwanja huo. Kila wimbi lililosukumwa kutoka kusini linakuja kuishia pale.

Hili si jambo dogo. Mwezi Julai 1946 meli ya MV Vipya ilipinduka katika ziwa hili kwenye dhoruba na zaidi ya watu 100 walikufa. Ile ilikuwa meli ya chuma, mpya. Sisi tulikuwa na ubao mmoja na biskuti.

Hesabu sekunde, usitazame urefu tu

Watu wengi wakitaka kujua wimbi wanauliza urefu: mita moja, mita mbili. Swali la pili lina uzito sawa: kati ya wimbi moja na linalofuata zinapita sekunde ngapi? Hapa ndipo ziwa na bahari zinapoachana.

Kuna kanuni rahisi ambayo hata mtu wa Sanaa anaweza kuitumia. Kwenye maji ya kina, umbali kati ya mgongo wa wimbi moja na mwingine ni kama 1.56 mara sekunde, mara sekunde tena. Wimbi la sekunde 4 lina mita 25 kutoka mgongo hadi mgongo. Wimbi la sekunde 12 lina karibu mita 225. Yote mawili yanaweza kuwa na urefu wa mita moja, lakini la pili limebeba maji mengi kwenda chini zaidi, na likifika ufukweni linanyanyuka taratibu, linakupa muda wa kupiga mikono, kusimama na kuteleza. La kwanza linakupiga, na kabla hujafuta macho mwenzake ameshafika.

Yale ya sekunde nyingi ni mawimbi ya safari. Yamezaliwa kwenye dhoruba ya mbali, yakaacha upepo wake nyuma, yakajipanga njiani. Nguvu ya wimbi la sekunde 12 inasafiri kama kilomita 34 kwa saa. Dhoruba iliyotokea kilomita 3,000 kusini mwa Bahari ya Hindi inaweza kukufikia baada ya siku tatu na nusu hivi, pwani hakuna hata upepo wa kupeperusha kanga. Wapanda mawimbi wa duniani hupanga safari zao kwa kusubiri vitu kama hivyo.

Ziwani hakuna nafasi ya safari hiyo. Mawimbi ya Nyasa ni ya sekunde nne, tano, siku za mwera mkali yanasogea hadi sita au zaidi kidogo. Ni mawimbi yanayokuja pamoja na mzazi wake. Kwa hiyo Matema huwezi kupanga kama mtu wa baharini, unasubiri kitu kingine: saa chache baada ya upepo kufa, kabla mawimbi nayo hayajafa.

Kupima ni rahisi. Chagua kitu kimoja kinachoelea au nguzo, hesabu mawimbi kumi yakipita, gawanya sekunde kwa kumi. Saa ya simu inatosha.

Na Bagamoyo ile nyingine je?

Dada wa Kigamboni alinifundisha jambo lililonifurahisha. Hata Bagamoyo ya pwani, ile mliyodhani nimetoka, si mahali pa kutelezea mawimbi. Mbele yake kuna kisiwa cha Unguja, kama kilomita 40 tu, kinachozuia mawimbi marefu ya bahari kuu. Mlango ule ni wa majahazi, siyo wa mbao. Kwa hiyo ningekuwa wa Bagamoyo ile, bado ningekuwa sijui.

Pwani kuna hesabu nyingine ambayo ziwani hatuna, nayo ni kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya Dar es Salaam yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Wimbi zuri la sasa linaweza kuwa linavunjikia juu ya mwamba wa matumbawe saa chache baadaye. Siku za maji mafu tofauti inapungua. Mtu wa pwani anasoma vitu vitatu pamoja: mwezi, msimu wa upepo na saa. Kule Paje, Unguja, watu wa mbao za tiara wanajua wana misimu miwili, ya kusi na ya kaskazi, na kwamba katikati, siku za tangambili upepo unapobadilika, wanaweza kukaa wiki nzima wanakunywa madafu.

Ufukweni: kuvunjika, umande na mkondo

Wimbi linavunjika pale kina cha maji kinapokuwa kidogo kukaribia urefu wake lenyewe. Wimbi la mita moja linavunjika kwenye maji ya mita 1.3 hivi. Kwa hiyo povu ni ramani ya chini ya maji. Pale penye povu pana mchanga uliopanda. Pale pasipo na povu, katikati ya povu, pana kina.

Na hapo ndipo mshikaji wangu aliposhikwa. Maji yote ambayo mawimbi yanayasukuma kuja ufukweni lazima yarudi, na yanarudi kwa njia yenye kina. Ule utulivu aliouchagua ulikuwa mlango wa maji kutokea. Dalili zake: mawimbi hayavunjiki hapo, rangi ni tofauti, na ukitazama povu au majani utaona yanakwenda ndani badala ya kuja nje. Ukishikwa, usishindane nao, hata bingwa haushindi. Elea, inua mkono, kisha ogelea ubavuni sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi na povu. Na anayetaka kuokoa asiingie mikono mitupu. Lile dumu tupu ndilo lililomrudisha ndugu yetu. Kumbuka pia kwamba maji ya ziwa hayana chumvi, yanakubeba kidogo pungufu kuliko ya bahari.

Upepo wa ufukweni nao una zamu zake. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, na hewa nzito inashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Wapwani wanauita umande. Asubuhi na mapema upepo huo unapiga uso wa wimbi kwa mbele, unalisimamisha vizuri na kulilainisha. Jua likipanda, mambo yanageuka, upepo unatoka majini, na mchana wa saa nane unakuta supu. Sisi tulifika saa nane. Lakini umande nao una hatari yake: unasukuma kwenda ndani. Mtu aliyelala juu ya ubao mwepesi anaweza kujikuta mbali bila hata wimbi moja kumgusa.

Mzee wa Matema hana programu. Alinionyesha moshi wa jikoni. Alfajiri moshi ukilala kuelekea ziwani, wavuvi wanatoka. Ukilala kuelekea milimani tangu alfajiri, mwera umeshinda upepo wa usiku, na siku hiyo ni ya kushona nyavu. Alinionyesha pia mitumbwi. Soko la Lyulilo huwa Jumamosi, na akina mama wa Kikisi wanaleta vyungu vyao kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Mtu aliyebeba vyungu hafanyi mzaha na mawimbi. Akiwa hajaja, uliza kwa nini.

Panga hivi

Siku tatu kabla, soma utabiri wa TMA wa Ziwa Nyasa, au wa pwani kama unakwenda huko. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Yoyote ikiwepo, nauli inaweza kusubiri. Kwenye programu ya simu angalia kwanza kipimo, kisha upepo unatoka wapi, kisha umevuma kwa muda gani. Siku nzuri ziwani ni ile ambayo upepo wa kusini ulivuma jana na juzi, na leo umeshuka.

Lala huko huko, usifike mchana. Amka alfajiri, tazama moshi, tazama mitumbwi. Kaa mchangani dakika ishirini bila kuvua viatu. Hesabu sekunde. Tafuta mkondo, umwonyeshe kila mwenzako kwa kidole. Kaa mbali na midomo ya mito: maji yake yana vurugu, na mamba wanaipenda. Uliza wenyeji kuhusu mamba na ukubali jibu lao. Ukirudi chuoni, kumbuka kichocho kipo ziwani, nenda ukapime. Na mmoja wenu abaki nchi kavu na dumu na kamba, hata kama ni zamu ya dakika kumi kumi.

Tulirudi

Mwisho wa mwezi wa tisa, baada ya field, tulirudi wanne. Mwera ulikuwa umevuma siku mbili, usiku wa pili ukatulia. Alfajiri moshi ulikuwa umelala kuelekea ziwani. Mawimbi yalikuwa ya kiunoni, nilihesabu sekunde tano na kidogo. Dada wa Kigamboni aliteleza mara tisa kabla ya saa tatu, upepo ulipogeuka tukatoka wote bila mjadala.

Mshikaji wangu alikuja. Amenipa ruhusa niandike haya ila jina nisiliweke. Alikaa mchangani ameshika kamba ya dumu tangu mwanzo hadi mwisho, hakutaka kupokezana na mtu. Karibu na mwisho aliingia hadi magotini, akasimama kidogo, akatoka. Sikumwambia kitu.

Mzee alitupitia, tukaamkia. Akauliza ule ubao unauzwaje. Siku hizi watu wakiniuliza kwetu wapi, nasema Bagamoyo, halafu kabla hawajaniuliza habari za pweza namalizia: ya Tukuyu.